Maji Hushuka, Hewa Hupanda: Tusizibe Nyumba kwa Kuogopa Mvua

Masika bado hayajaingia na tayari nyundo zinalia Kipungani nzima. Kila ukipita, paa moja la makuti linashushwa na mabati yanapandishwa. Mimi sina ugomvi na mabati, niliseme hilo mapema kabla sijaandamwa. Ugomvi wangu ni na simiti. Ile simiti inayokorogwa siku ya mwisho, paa likishamalizika, ikaenda kujazwa kwenye ule mwanya ulio kati ya ukuta na paa, ati "mvua isiingie". Kweli, mvua haiingii. Hewa je?

Hili ndilo ninalotaka tulizungumze leo, kwa sababu naona tunalichukulia kama jambo dogo la fundi na mwenye nyumba. Si dogo. Tumefika mahali ambapo mtu akiulizwa nyumba nzuri ni ipi, jibu lake ni nyumba isiyovuja. Basi. Yaani nyumba ikiwa haivuji imeshafaulu mtihani wote. Kwangu mimi mtihani una maswali mawili, na la pili ni hili: ukishafunga mlango na madirisha kwa mvua, waliomo ndani wanapumua nini?

Kwanza tuwe waadilifu kwa wanaohamia mabati. Wako wanaotuhubiria kwamba tunaua utamaduni, na wengi wao hawajawahi kulala chini ya kuti lililochoka usiku wa mvua ya mwezi wa tano. Mimi nimelala. Unasogeza kitanda mara tatu, unapanga sufuria sakafuni, na asubuhi godoro linaanikwa hadi saa kumi. Kuti la viungo ni kazi ya mikono ya mama zetu: majani ya mnazi yanakunjwa juu ya ufito mmoja baada ya mwingine, yanashonwa, kisha yanafungwa kwenye pau kwa kamba. Kazi nzuri mno. Lakini baada ya miaka michache jua na mvua vinalila, na lazima uanze upya. Moto nao hauna huruma na makuti. Nyumba moja ikishika, jirani zake wote wanakimbia na ndoo. Na nani atakupa makuti bure siku hizi?

Halafu kuna maji ya kunywa. Visiwani kwetu maji matamu ni shida, kila mtu anajua. Ndugu zetu wa visiwa vya kaskazini wana majabia ya kuvunia mvua tangu zama za wazee. Sasa piga hesabu: mvua ya milimita 1 ikinyesha juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Paa la mita 40 za mraba likipata mvua ya milimita 20, hiyo ni lita 800, usiku mmoja tu. Kwenye makuti maji yale yanatoka ya rangi ya chai, na takataka juu. Kwenye mabati yanashuka kwenye mfereji hadi kwenye tangi. Mama mwenye watoto wanne hutamwambia abaki na makuti ili mgeni apige picha.

Kwa hivyo mabati yana haki yake. Shida ni kwamba tulipobadilisha paa hatukujua paa la zamani lilikuwa likitufanyia kazi ngapi. Tulidhani kazi yake ni moja, kuzuia mvua. Kumbe lilikuwa likipumua. Moshi wa jikoni ulipita katikati ya majani ukatoka taratibu. Ukuta wenyewe haukufika kwenye paa, uliishia chini yake, na paa likashuka nje hadi karibu na kichwa cha mtu. Upepo wa kusi uliingia kwa chini upande mmoja, joto likatoka kwa juu, na hakuna aliyeshika feni. Hakuna aliyeiita hewa hiyo jina lolote. Ilikuwako tu, kama mtumishi wa zamani asiyesemwa mpaka siku anayoondoka.

Mabati hayapumui. Mchana yanameza jua na kulimwaga chini kwenye vichwa vyetu. Usiku yanafanya kinyume: mbingu ikiwa wazi yanapoa haraka kuliko hewa iliyo ndani, na mvuke wa pumzi zetu ukiyagusa unageuka maji. Ndiyo maana asubuhi mtu anakwambia, "Bati langu linavuja na mvua haikunyesha." Halivuji, ndugu yangu. Linatoka jasho, na jasho lile ni lako na la watoto wako. Watu wawili wakilala usiku mzima wanatoa kwa pumzi na ngozi zaidi ya glasi mbili za maji. Yaende wapi kama mmeziba kila pahali?

Sasa niwaeleze kwa nini jambo hili linanikera hivi.

Dada yangu alihamia nyumba yake mwaka jana, wiki chache baada ya kujifungua. Nyumba ya matofali, mabati mapya, sakafu ya simiti. Tulimpigia vigelegele, na alistahili. Fundi alimzibia mwanya wote wa juu na akajisifu kwamba hata mjusi hatapita. Madirisha mawili ya chuma, yanafunguka kwa ubavu kama mlango, yote mawili upande wa kusi kwa sababu ndiko kwenye mandhari ya bahari. Mvua ya kwanza ya masika ikaja na upepo wake, ikapiga madirisha yale moja kwa moja. Akafunga. Akafunga na mlango. Jiko la nje lilikuwa limejaa maji, mtoto anahitaji maji ya moto, kwa hivyo akaliingiza jiko la makaa ndani, kama mama yetu alivyofanya maisha yake yote, na kama nyanya alivyofanya kabla yake.

Alfajiri shemeji alirudi kutoka baharini akapiga hodi asisikie jibu. Alipousukuma mlango alimkuta dada ameketi chini, kichwa kinampasuka, anatapika, maneno hayatoki vizuri. Mtoto alikuwa mlegevu mikononi kama kitambaa. Wakatolewa nje kwenye upepo, mvua juu yao, na mvua ile ile iliyoogopwa ndiyo iliyowapokea. Zahanati muuguzi hakuuliza maswali mengi. Aliuliza moja: "Jiko lilikuwa wapi?"

Wote wawili wazima leo, alhamdulillahi. Mtoto anatambaa na kula mchanga. Lakini mimi swali la yule muuguzi halijanitoka. Makaa yanapowaka mahali pasipo hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksidi, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Huioni, huinusi, unahisi usingizi tu. Mama yetu aliweka jiko ndani miaka thelathini na hakuna aliyekufa, kwa sababu nyumba yake ilikuwa na matundu. Dada alifanya jambo lile lile ndani ya nyumba iliyozibwa. Mazoea ni yale yale, nyumba ndiyo iliyobadilika, na hakuna aliyemwambia. Hilo ndilo linalonitia hofu kila nikisikia nyundo: tunajenga nyumba mpya na tunahamia na mazoea ya nyumba za zamani. (Na hata ukiacha mwanya, jiko la makaa lisilale chumbani na watu. Mwanya si ruhusa.)

Basi suluhisho ni nini? Tuache maji yaingie ili tupumue? La. Na hapa nitawapeleka ng'ambo kidogo, hadi Mokowe.

Mnajua Lamu si pa magari. Mgeni akija na gari lake analiacha Mokowe, anapanda boti. Siku moja nilikuwa Mokowe nikimngoja binamu yangu, nikakuta gari moja la safari, lile ambalo wenyewe wanalala ndani: kitanda, jiko dogo, kila kitu. Mwenyewe mama wa makamo, kaja nalo kwa barabara kutoka Afrika Kusini. Nikamwomba nipige video, akakubali, tukazungumza. Nikamuuliza unalalaje ndani ya kopo hili na joto la pwani? Akacheka. Akaniambia safari ilipoanza, mvua ikinyesha alifunga kila kitu, na asubuhi alikuta shuka zimelowa akadhani gari linavuja. Alizunguka paa zima na gundi. Halikuwa linavuja. Ilikuwa pumzi yake mwenyewe imegonga bati baridi ikarudi kama matone.

Nikasema moyoni, huyu na dada yangu wanaishi nyumba moja.

Kisha akanionyesha alichofanya. Madirisha ya gari lile hayafunguki kwa ubavu. Bawaba ziko juu, kioo unakisukuma kwa chini, kikifunguka kinakaa kama mwavuli mdogo. Mvua inapiga kioo inateleza nje, na upepo unaingia kwa chini yake. Juu ya paa kuna tundu lenye kifuniko kama uyoga: hewa inatoka kwa pembeni chini ya kofia, mvua inaangukia kofia. Juu ya madirisha ya mbele amebandika kipande cha plastiki kilichojikunja, ili kioo kiteremshwe vidole viwili hata mvua ikinyesha. Na akiegesha, anaangalia kwanza upepo unatoka wapi, kisha anafungua zaidi upande wa pili. Hakuna uchawi. Kila tundu la gari lile linaangalia chini.

Hapo ndipo iliponibofya. Maji hushuka. Hewa ya moto hupanda. Hivi viwili havigombani hata kidogo, sisi ndio tunaovigombanisha kwa kuziba. Tundu linaloangalia juu linapokea mvua. Tundu linaloangalia mbele linapokea mvua ya upepo. Tundu linaloangalia chini, au lililojificha chini ya kitu kirefu, linapitisha hewa na maji yanalipita tu. Nilipomweleza nyanya alinitazama kama mtu aliyepigiwa hadithi anayoijua. "Mai hayana mato," akasema kwa Kiamu chake, yaani maji hayana macho. "Yafuata ndia." Ukiyapa njia ya kwenda nje yatakwenda nje.

Na tusijifanye kwamba hili limeletwa na gari la mgeni. Nahodha yeyote wa hapa analijua tangu utotoni. Mvua ikiwakuta katikati ya safari ya kwenda mjini, turubai linatandazwa juu ya abiria, na kila mtu anashika ukingo wake. Upande wa goshini, unakotoka upepo, turubai linabanwa chini kabisa. Upande wa demani, upepo unakokwenda, linainuliwa kidogo. Akitokea mtu kulibana pande zote mbili, dakika tano hazipiti kabla watu hawajaanza kulalamika: harufu ya petroli, ya samaki, mtoto analia, mtu anataka kutapika. Nahodha anapiga kelele, "Inua demani!" Tunainua, tunapumua, na hatulowi.

Nyumba nayo ina goshini na demani yake. Mvua za masika kwetu zinakuja na kusi. Kaskazi ikivuma, kuanzia kama Disemba hadi Machi, ni kukavu na joto. Basi ukuta wa kusi ndio goshini ya nyumba yako wakati wa mvua, na fundi anayeweka madirisha yote huko bila kinga ni kama nahodha anayebana demani na kufungua goshini.

Nenda hata Mji wa Kale wa Lamu, ule ambao UNESCO iliutia katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001. Wazee waliojenga nyumba zile za mawe walikuwa na tatizo lile lile: kuta nene, vyumba vyembamba kwa kuwa boriti za mikoko hazina urefu mkubwa, madirisha machache upande wa njiani. Hewa wakaipata wapi? Wakaacha kiwanda katikati, wazi hadi mbinguni, na vyumba vikakitazama. Mvua ikinyesha, inanyesha ndani ya kiwanda, maji yanatafutiwa njia yanatoka. Wale watu walikubali mvua iingie mahali pamoja walipopachagua wao, ili hewa isikose kila mahali. Sisi tunataka mvua isiingie popote, na tunalipa kwa pumzi.

Sasa nije kwenye vitendo, maana najua mtaniuliza, "Tufanyeje basi?"

La kwanza ni upenu. Upenu mrefu ndio mwavuli wa nyumba. Mvua ikija na upepo hadi ikalala mshazari wa nusu, yaani digrii 45, upenu wa futi 2 unakinga futi 2 za ukuta kutoka juu. Wa nusu futi unakinga nusu futi, sawa na bure. Mwanya wa juu ukiwa chini ya upenu wa futi 2 au 3, mvua haiufikii ila siku ya dhoruba kweli kweli. Fundi wengi wanakata upenu mfupi ili mabati yatoshe. Mwambie achukue bati refu zaidi upande wa kusi, hata kama upande mwingine litakuwa fupi.

La pili, usizibe mwanya, upe wavu. Najua mnawaza mbu, na mna haki. Mbu wa malaria hupenda kuingia kwa njia ile ile ya juu, kati ya ukuta na paa. Lakini mbu hazuiwi na simiti peke yake, wavu pia unamzuia, na wavu unapitisha hewa. Kule Mtwara, Tanzania, watafiti wamejenga nyumba 110 za majaribio vijijini: za ghorofa, vyumba vya kulala juu, kuta zenye wavu unaopitisha upepo, paa la mabati linalovuna mvua. Yaani watu wameshakaa wakafikiria mbu, mvua, hewa na maji ya kunywa kwa pamoja. Si lazima ujenge ghorofa. Chukua lile wazo la kwamba ukuta unaweza kuzuia mbu na usizuie upepo.

La tatu, hewa iwe na pa kutokea juu. Ile pembetatu ya ukuta chini ya kilele cha paa, pande mbili za nyumba, ndiyo tunayoijaza matofali hadi mwisho. Acha nafasi pale, kisha weka mbao nyembamba zilizolala mshazari, kingo za nje zikiangalia chini. Mvua ikipiga ubao inateleza nje, kwa sababu maji hayapandi mlima. Joto linatoka katikati ya mbao. Maseremala wetu wanajua kazi hiyo, madirisha ya zamani yamejaa Lamu nzima. Upande wa ndani piga wavu.

La nne, dirisha la upande wa mvua liwe na bawaba juu, kama la yule mama wa Mokowe. Ukishindwa, weka kipande cha bati juu ya dirisha, kitoke nje futi moja na nusu. Na chini ya ukingo wa kipande hicho acha mdomo uliokunjwa, maji yadondoke pale pale yasitambae kurudi ukutani. Maji yana tabia ya kunata na kutembea chini ya kitu kama sisimizi. Yakikuta mkunjo yanaanguka.

La tano ni bati lenyewe. Misumari ipigwe kwenye mgongo wa wimbi, pasiwe bondeni maji yanapopita, na kila msumari uwe na mpira wake. Pale mabati yanapopishana kwa ubavu, ukingo wa juu uangalie upande ambao upepo wa mvua unakwenda, usiangalie unakotoka, la sivyo kusi itasukuma maji chini yake. Geji nayo msidanganywe: namba ikiwa ndogo bati ni nene, geji 28 ni nene kuliko 30, na hapa penye chumvi ya bahari bati jembamba linaoza mapema. Rangi nyeupe inarudisha jua kuliko rangi nyeusi. Kutu na joto vyote vinaanzia dukani.

Mtasema hayo yote ni pesa. Ni kweli. Ndiyo mjadala uliopo nyumbani kwetu wakati huu, na sijui utaishaje.

Makuti ya nyanya yamechoka. Yeye ana pumu, mwaka wa sabini na kitu wa umri wake, na paa linamdondokea kitandani. Ami ametoa pesa za mabati, Mungu amzidishie. Tulikaa kikao. Nyanya akakataa. "Mnataka kunipika?" akasema. "Mie si mkate." Watu wakacheka, lakini yeye hakucheka. Alishamwona mjukuu wake amelazwa uwanjani na mvua inampiga. Ami akaona anadharauliwa, akanigeukia mimi: "Mwanangu, wewe waandika tu kwenye simu. Ndoo ya kuvuja wainga weye?" Nikamwambia, "Hapana ami, anainga nyanya, na ndiyo sababu twataka paa. Twataka tu paa lenye upenu."

Hesabu ilikuwa hivi: pesa zilizopo zinatosha mabati na vigae vya barazani, au mabati yenye upenu wa futi 3 kuzunguka pande zote, wavu wa juu na mbao za mshazari, baraza libaki na simiti. Ami anataka vigae, kwa sababu vigae vinaonekana. Mgeni akija ataona vigae. Hakuna mgeni atakayeingia akasema, "Mashallah, mna mwanya mzuri." Hewa haina wa kuisifu. Mimi namwelewa ami. Ametoka kwenye umaskini wa makuti yanayovuja, anataka nyumba inayosema mbele ya watu kwamba ametoka.

Na hapa kuna jambo linalonichekesha kwa uchungu. Nenda Shela. Wenye pesa zao wamejenga majumba ya mawe ya ghorofa tatu, na juu kabisa wamepanda nini? Makuti. Wazi pande zote, upepo unapita, wamelala kwenye mito wanakunywa juisi. Wao wananunua upepo kwa bei ghali, sisi tunauziba kwa simiti ya mkopo. Sisemi turudi kwenye makuti. Nasema wao wanajua thamani ya kitu tulichokuwa nacho bure, na sisi tunakitupa pamoja na majani yaliyooza.

Kikao hakijaisha. Shangazi yuko upande wa nyanya, ami bado amenuna, na dada yangu, ambaye hakusema neno muda wote, alisimama mwishoni na mtoto kiunoni akasema nyumba yake yeye ataitoboa. Wiki iliyopita shemeji ameanza. Anatoa matofali ya juu kwa tindo, moja moja, polepole asivunje ukuta. Jirani alipita akamuuliza, "Nyumba mpya waibomoa?" Akamjibu, "Naipa pua."

Basi ndugu zangu, wa Kipungani, Matondoni, Mpeketoni, Kilifi, popote mnapojenga msimu huu: siku fundi atakapokuja na karai la simiti la mwisho, kabla hujampa chai, msimamishe chini ya paa lako jipya umuulize maswali mawili. Mvua ikija na kusi, itagonga wapi? Na nikifunga mlango na madirisha usiku huo, hewa itaingilia wapi na itatokea wapi? Akikuonyesha kwa kidole pahali pawili, mlipe na umwongeze. Akikuonyesha karai, mpokonye mwiko.